Je, Inafaa Chama Kulipia Naitrojeni kwa Ajili ya Matairi ya Gari Lake?



Vyama vya msingi vyenye lori au pikapu hununua matairi mjini, na siku hizi ankara ya matairi mapya huweza kuja na mstari mmoja wa ziada ambao zamani haukuwako: malipo ya kujaza naitrojeni badala ya upepo wa kawaida. Muuzaji huwa na maelezo yake tayari. Husema kwamba naitrojeni haitoki kwenye tairi, haipati joto, haileti kutu, na kwamba tairi litadumu zaidi. Katibu anayepelekewa ankara hiyo hana budi kuamua kama ataipitisha au ataikataa, naye atatakiwa kujibu mbele ya bodi na mbele ya mkutano mkuu. Makala haya yamekusudiwa kumsaidia katika uamuzi huo.

Kwanza ifahamike kwamba naitrojeni si kitu kigeni kwa mkulima. Ni ileile tunayoitafuta katika mfuko wa Urea, ambayo kila kilo 100 zake zina kilo 46 za naitrojeni, ingawa humo imefungamana na vitu vingine. Ikiwa peke yake ni hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na hiyo moja iliyobaki karibu yote ni argoni. Kwa hiyo dereva anayejaza upepo kwa fundi wa kando ya barabara amekwisha kujaza naitrojeni sehemu 78 katika 100, wala hakudaiwa senti kwa jina hilo. Tairi la gari dogo lililojazwa kwa mashine ya naitrojeni kwa kawaida huwa na sehemu 93 hadi 95. Tofauti hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa.

Tuanze na dai la kwamba haitoki. Dai hili lina ukweli ndani yake. Mpira, hata ulio mzuri, hupitisha hewa kidogo kidogo, na oksijeni hupenya kwa haraka kuliko naitrojeni, yapata mara tatu hadi nne. Lakini swali la mnunuzi ni kiasi gani. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilifanya jaribio na kutoa matokeo yake mwaka 2007. Lilichukua aina 31 za matairi ya magari madogo, mawili ya kila aina. Moja lilijazwa upepo wa kawaida na la pili naitrojeni, yote kwa pauni 30 za msukumo kwa kila inchi ya mraba, kisha yakawekwa nje kwa mwaka mzima bila kuguswa. Mwisho wa mwaka yale ya upepo wa kawaida yalikuwa yamepoteza kwa wastani pauni 3.5, na yale ya naitrojeni pauni 2.2. Tofauti ni pauni 1.3 kwa mwaka mzima. Tena yote mawili yalipungua, maana yake mwenye naitrojeni naye alitakiwa kupima na kuongeza.

Isitoshe, jaribio hilo lilihusu matairi yaliyolala. Tairi la lori letu halilali. Linapoteza upepo kwa msumari, kwa valvu iliyochakaa, kwa rimu iliyogongwa na jiwe, kwa tyubu yenye kiraka cha tatu. Katika matundu hayo naitrojeni hutoka kama hewa nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye dai la joto, ambalo ndilo linalowashawishi madereva wetu kuliko yote, kwa sababu ya mteremko wa kutoka Umatengo kwenda ziwani. Dereva huondoka milimani alfajiri ya mwezi Julai, baridi ikiwa kali, naye hufika Mbamba Bay jua likiwaka. Akiambiwa kwamba kuna hewa isiyobadilika kwa joto, huona ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta. Hewa ya namna hiyo haipo. Hewa yoyote iliyofungiwa ndani ya chombo huongeza msukumo ikipashwa moto, na kanuni hii haibagui naitrojeni na upepo wa kawaida. Tairi lililojazwa pauni 30 huongezeka yapata pauni moja na nusu kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za sentigredi, na la lori lenye pauni 100 huongezeka karibu pauni nne, iwe limejazwa kile au hiki.

Kuna jambo jingine katika mteremko huo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo lapendeza kulijua. Geji hupima tofauti kati ya msukumo wa ndani ya tairi na ule wa hewa ya nje. Ziwa Nyasa liko chini, yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ya nje ni nzito kuliko ya milimani. Gari likishuka mita 1,000 kutoka juu, geji itaonyesha upungufu wa takriban pauni moja na nusu, hata kama hakuna kilichotoka. Wakati huohuo joto la ziwani linapandisha kipimo. Mambo haya mawili huvutana, na kwa sehemu hufutana. Dereva anayesimama Mbamba Bay mchana na kufungua valvu "kupunguza upepo uliozidi" anajitafutia balaa, kwa kuwa usiku tairi litakapopoa na safari ya kupanda itakapoanza na mzigo, litakuwa limelegea. Kipimo cha haki huchukuliwa asubuhi, tairi likiwa la baridi, kabla gari halijatembea.

Kinachobadilisha msukumo kupita kiasi ni maji. Tangi la kompresa hukusanya maji yanayotokana na unyevu wa hewa, na wakati wa masika hukusanya mengi. Fundi asiyefungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi humwaga maji hayo ndani ya matairi ya wateja, na humo huwa mvuke gari likipata moto, tena hula rimu za chuma kwa kutu. Naitrojeni ya mashine huwa kavu, na huu ndio ubora wake wa kweli zaidi kwa magari yetu. Lakini ukavu waweza kupatikana kwa njia nyepesi. Katibu amwagize dereva amwombe fundi afungue koki mbele ya macho yake, na atoe upepo wa mwanzo wa mpira kwenye kiganja cha mkono. Mkono ukilowa, aende kwa fundi mwingine.

Yapo mahali ambapo naitrojeni si anasa. Tarehe 31 Machi 1986 ndege ya shirika la Mexicana, aina ya Boeing 727, iliyokuwa imetoka Mji wa Mexico, ilianguka milimani na watu wote 167 waliokuwamo wakafa. Breki ya gurudumu mojawapo ilikuwa imepata moto mkali wakati ndege ikikimbia kuruka, na tairi lililojazwa upepo wa kawaida badala ya naitrojeni likalipuka baada ya magurudumu kukunjwa ndani, likakata mabomba ya mafuta. Mwaka uliofuata wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliamuru kwamba katika matairi ya ndege kubwa oksijeni isizidi sehemu 5 katika 100. Malori makubwa mno ya migodini nayo hujazwa naitrojeni kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Lori la chama halikunji magurudumu yake tumboni, wala halisimami kutoka mwendo wa ndege. Ikiwa ngoma zake za breki zinatoa moshi likiteremka, dawa ni gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko na kuacha kuning'inia kwenye breki.

Kuhusu akiba ya mafuta, hesabu ni fupi. Idara ya nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila pauni moja inayopungua katika matairi huongeza matumizi ya petroli kwa sehemu 0.2 katika 100. Zidisha kwa zile pauni 1.3, na utapata kwamba katika lita 100 umeokoa robo lita. Na hiyo ni kama usingepima matairi hata mara moja kwa mwaka mzima. Katibu achukue bei anayodaiwa kwa tairi moja, aizidishe kwa matairi saba ya lori la magurudumu sita pamoja na la akiba, kisha ailinganishe na bei ya geji nzuri moja. Geji itatumika miaka.

Yasemwe pia yanayostahili kusemwa kwa upande wa pili. Oksijeni iliyo ndani ya tairi huuzeesha mpira polepole, na tairi lenye naitrojeni huzeeka kidogo zaidi kwa taratibu. Kwa gari linalokaa miaka bila kumaliza matairi, jambo hilo lina maana. Matairi ya lori la mazao linalozunguka Ukata, Litembo na Maguu humalizwa na mawe na mizigo kabla uzee haujafika, na nje yake jua na hewa ileile vinaendelea na kazi.

Hatari inayotupasa kuiogopa ni nyingine, na ni ndogo kwa sura. Matairi yenye naitrojeni mara nyingi hufungwa vifuniko vya valvu vya rangi ya kijani. Dereva akishaambiwa kwamba humo hamtakiwi kitu kingine, huweza kukataa kuongeza upepo wa kawaida kwa hofu ya kuharibu kilicholipiwa, naye yuko Lituhi au Liuli, ambako mashine ya naitrojeni haipo. Anaendelea na tairi lililolegea na tani za mahindi nyuma. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, hupata moto kutoka ndani, nyuzi zake huachana, kisha hupasuka. Katika matairi pacha ya nyuma ubaya huongezeka, maana moja likilegea mwenzake hubeba mzigo wa mawili bila dereva kuhisi chochote kwenye usukani. Hivyo ndivyo naitrojeni, isiyo na dhara yenyewe, inavyoweza kumwua mtu.

Kwa hiyo vyama ambavyo magari yake yamekwisha kujazwa naitrojeni visiwe na wasiwasi. Upepo wa kawaida huchanganyika nayo bila madhara yoyote, na dereva aongeze popote atakapopata kompresa au hata pampu ya mkono. Muuzaji akiitoa bure pamoja na matairi mapya, ipokelewe kwa shukrani. Akiidai bei, katibu ana haki ya kuufuta mstari huo katika ankara kabla ya kutia sahihi.

Kiasi sahihi cha msukumo huandikwa na mtengenezaji wa gari kwenye kibati kilicho karibu na mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, nayo isichukuliwe kuwa ndiyo agizo la kila siku. Utingo anayegonga matairi kwa nondo na kusikiliza mlio anaweza kutambua lililokwisha kabisa. Lililopungua robo humpita. Mwandishi aliwahi kuona geji tatu za mafundi watatu zikitoa vipimo vitatu kwa tairi moja, kwa hiyo ni afadhali chama kiwe na geji yake, ikae ndani ya gari, na itumike hiyohiyo kila mara.

Daftari la gari liongezewe safu moja kwa kila tairi, pamoja na la akiba ambalo husahauliwa hadi siku ya pancha. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, dereva apime na kuandika, na katibu atie sahihi. Tairi ambalo namba yake inashuka kila wiki kuliko wenzake lipelekwe kwa fundi litolewe kwenye rimu, kwani lina tundu au valvu mbovu.