Siku Mbili za Likizo Mjini Kampala

Likizo ya askari ni fupi, na wanaoingoja ni wengi. Koplo arejeapo Mbarara baada ya miezi ya zamu ya mbali, wazee humtaka kijijini, jirani ana shauri la shamba, na watoto, ambao mdogo wao bado humtazama kama mgeni, wameahidiwa Kampala. Ahadi hiyo ndiyo huvunjwa kwanza. Hata ikitimizwa, mara nyingi hutimizwa vibaya: jamaa hupanda basi bila mpango, hutaka kuona kila kitu kwa siku moja, na jioni baba ameishiwa fedha, mama hasemi na mtu, na watoto wamelala juu ya mizigo stendini, hawakuona ila vumbi na migongo ya watu.

Toka Mbarara hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 270. Yafaa kusafiri Ijumaa, ili Jumamosi iwe siku nzima ya kutembea, na Jumapili mpaka saa za alasiri. Kabla ya kuondoka, mama wa nyumba atenge nauli ya kurudi na malipo ya malazi, ayafunge mbali na fedha nyingine. Kinachobaki ndicho cha kula na kutazama. Vitambulisho vya taifa visisahauliwe, maana mahali pengi raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Baba achukue karatasi yake ya likizo na avae kiraia. Sare haimsaidii mtu abebaye mtoto mabegani.

Kosa kubwa la wageni wa Kampala ni kurudi katikati ya mji baada ya kila matembezi ili kutafuta taksi nyingine. Nusu ya siku huishia katika msongamano wa magari. Dawa yake ni kuyapanga mahali pa kutembelea kwa kufuatana, kilima kwa kilima, bila kugeuka nyuma.

Mwanzo bora ni Kampala ya Kale, kwenye Msikiti wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2007. Kilima hicho ndicho alichojenga ngome yake Kapteni Lugard mwaka 1890. Wageni huruhusiwa kupanda mnara, nao akina mama husitiriwa kwa kitambaa wasipokuwa nacho. Ngazi ni nyingi na magoti yatalalamika, lakini juu pale mji wote hujifunua: Namirembe na Rubaga zenye makanisa makuu, Mengo ya Kabaka, Makerere, Nakasero, Kololo. Baba aweza kuonyesha kwa kidole, na mtoto akahesabu vilima. Waliokwisha kuiona Rubaga kutoka mnarani hawana sababu ya kulipa nauli ya kuifuata.

Kutoka hapo ni safari fupi hadi Kasubi. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijijengea kasri mahali hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Wamelala hapo Makabaka wanne, wa mwisho wao Edward Muteesa wa Pili, aliyekuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda, akafia London mwaka 1969. Nyumba kuu ya nyasi iliteketea kwa moto Machi 2010. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka 10, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ni vema kuuliza mapema kama wageni wanapokelewa siku hiyo. Viatu huvuliwa, wanawake huvaa nguo ndefu, na watoto waelezwe mapema kwamba hapo ni makaburini.

Saa saba mchana njaa itakuwa imeshika, na hapa fedha zisionewe uchungu. Chakula cha kukumbukwa Kampala ni luwombo: kuku, nyama au mchuzi wa karanga, uliofungwa katika jani changa la mgomba lililolainishwa motoni, ukaiva taratibu kwa mvuke. Husimuliwa kwamba ulianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga katika miaka ya 1880. Jani hufunguliwa mezani, na harufu yake hunyamazisha hata watoto wabishi. Pembeni huja matoke, viazi vitamu na malenge kwa wingi, hivyo watoto wawili waweza kushirikiana fungu moja. Bei iulizwe kabla ya kuketi. Hoteli iliyojaa madereva na makarani ni ya kuaminiwa kuliko ile yenye vitambaa vyeupe na meza tupu.

Alasiri ni zamu ya Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la Kitante mwaka 1954. Kubwa lake ni ngoma, zeze na marimba za makabila mbalimbali. Njia yenyewe hupitia Wandegeya, na jioni, wakirudi, jamaa waweza kusimama barabarani wale rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai. Ni chakula cha jioni kisichovunja mfuko.

Jumapili watoto watadai Entebbe, wakawaone wanyama wa kituo kilichoanza mwaka 1952. Entebbe ni kilomita 40, nayo yataka siku yake peke yake. Aliye na basi la alasiri asijaribu. Badala yake kuna Ggaba, kando ya ziwa, ambako ngege hukaangwa mzima na kuletwa akiwa bado anachemka mafuta. Watoto hukimbia, mitumbwi huingia na kutoka, na kwa muda wa saa mbili hakuna anayemhitaji baba ila watu wake.

Soko la Owino liachwe la mwisho, nalo kwa nusu saa tu. Mama aingie na orodha, baba abaki nje na watoto na mizigo, mkono mfukoni juu ya tiketi. Basi likishatoka mjini, yule mdogo huenda akalala, na safari hii magotini pa baba.