Fahamu: Supu ya mzazi kule Guangdong
Mwanamke akijifungua katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, hupikiwa makongoro ya nguruwe kwa tangawizi nyingi, mayai ya kuchemsha na siki nyeusi tamu. Chungu hutokota kwa moto mdogo kwa saa kadhaa, mpaka ngozi ilainike na mayai yageuke kahawia. Ndugu na majirani wanaokuja kumwona mtoto nao hupewa bakuli. Mzazi hupumzika ndani takriban mwezi mzima, akilishwa vyakula vinavyoaminika kurudisha joto na damu mwilini.

Protini kwenye supu hiyo ipo kweli. Lakini mizizi ya mmea uitwao danggui, inayotiwa kwenye supu nyingine za uzazi, si ya kuchezea: inaweza kuzidisha nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kusababisha kuvuja damu. Anayetumia dawa hiyo amwone daktari kwanza.