Mtaro wa mvua si bomba la choo

Je, msomaji, umewahi kutazama mtaro unaopita mbele ya nyumba yako ukajiuliza maji yake huishia wapi? Wagonjwa wengi wanaonijia na malalamiko ya tumbo huniambia yanakwenda "huko kwa kanjo yanakosafishwa". Sivyo. Na kwa sababu ya kutojua jambo hilo, wengi wetu huugua kila mvua inaponyesha.

Mji kama Nairobi una njia mbili tofauti za kuondoa maji. Ya kwanza ni mabomba ya maji taka. Haya hupokea maji ya vyooni, bafuni na jikoni na kuyafikisha kwenye kituo cha kuyasafisha, kama kile cha Ruai, ambako hukaa katika mabwawa hadi viini vipungue. Njia ya pili ni mitaro ya maji ya mvua. Hii haina kituo, haina chujio, wala haina dawa yoyote. Chochote kinachoingia humo hufika mtoni jinsi kilivyo.

Mitaro ya Nairobi humwaga maji katika mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, ambayo hatimaye huishia katika mto Athi. Athi nao huteremka, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwa hivyo fundi anayemwaga oili chafu mtaroni jijini anaipeleka kwa mkulima wa Machakos na mvuvi wa Malindi. Mombasa safari ni fupi zaidi, kwani mitaro mingi huishia baharini papo hapo.

Pengine utasema, "Daktari, hayo ni mambo ya samaki." Basi tuje kwenye glasi yako ya maji.

Katika mitaa mingi, hasa ile ya mabanda, mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa yamelazwa ndani ya mtaro wenyewe au kando yake. Bomba linapokuwa na maji yenye nguvu, hata likitoboka, maji safi ndiyo yatokayo nje. Lakini sote tunaujua mgao wa maji. Siku yanapofungwa, nguvu hutoweka, na bomba likaanza kuvuta kilicho nje kupitia tundu lile lile, kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija. Kinachovutwa ni maji ya mtaroni. Mfereji unapofunguliwa tena, uchafu huo ndio utanguliao kufika kwenye mtungi wako.

Sasa fikiria kilichomo mtaroni. Baadhi ya wenye nyumba za kupangisha huunganisha choo na mtaro kisirisiri ili wasilipie lori la kunyonya maji taka. Wazazi nao hutupa humo nepi za watoto. (Kuna imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Hapana! Nepi ya mtoto anayehara ina viini vya kutosha kuwalaza majirani.) Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo hupata njia kwa namna hiyo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka 2023, ukaenea katika kaunti nyingi.

Kwa hivyo, baada ya mgao, maji ya kwanza yatumie kuoshea choo. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote sawasawa, hata kama yanaonekana safi. Hata hivyo, yafaa ifahamike kwamba kuchemsha huua viini tu. Oili, rangi, dawa za wadudu na madini ya risasi kutoka betri kuukuu haviondoki kwa moto, na sukuma wiki iliyonyweshwa maji hayo haisafiki kwa kuoshwa. Uchafu wa aina hiyo huzuiwa pale unapoanzia. Mwenye gereji na aweke oili iliyotumika katika mtungi wenye kifuniko na kuikabidhi kwa wanaoikusanya kihalali. Anayeosha magari naye afanyie kazi hiyo mahali ambapo maji huingia katika bomba la maji taka.

Aidha, kuna mbu. Yule anayezaliana katika mtaro uliozibika, wenye maji machafu, kwa kawaida si wa malaria. Ni kuleksi, ambaye huko Pwani hueneza matende. Nayo mikebe na matairi yaliyotupwa kandokando hushika maji ya mvua na kumlea mbu wa dengi na chikungunya. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini chupa zimebaki, nazo huziba mitaro vivyo hivyo.

Chini ya Katiba ya 2010, mitaro ya maji ya mvua mijini ni jukumu la serikali ya kaunti. Ukiona choo kimeelekezwa mtaroni, mwarifu afisa wa afya ya umma wa wadi yenu, na usichoke kurudi kwake.

Mnapojitolea kuzibua mtaro, vaeni buti na glavu. Mkojo wa panya uliomo katika tope hilo huweza kubeba viini vinavyopenya kwenye ngozi yenye mikwaruzo na kuleta homa kali, macho mekundu na wakati mwingine manjano. Anayeugua hivyo amweleze daktari kwamba alishika tope la mtaro, asije akatibiwa malaria bure. Tope lenyewe lizoleni siku hiyo hiyo. Mkiliacha ukingoni, mvua ya jioni italirudisha ndani.