Presha haiumi, lakini mistari ya ECG huisema

CHUKUA mfano wa mfanyabiashara wa nyanya mwenye umri wa miaka 52 katika soko la Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Haumwi kichwa, hachoki, na angali anapakia kreti zake mwenyewe. Siku moja anapelekwa kupimwa huko Loitokitok na presha yake inapatikana kuwa 170 kwa 105. Daktari anamlaza kitandani, anambandika nyaya kumi kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache anamwambia kwamba ukuta wa moyo wake huenda umenenepa.

Amejuaje bila kumpasua?

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo sana unaopita ndani ya msuli wa moyo. Mashine ya ECG huudaka umeme huo na kuuchora katika karatasi yenye miraba midogo, kila mraba ukiwa na upana wa milimita moja.

Sasa, presha inapokuwa juu kwa miaka mingi, upande wa kushoto wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Msuli wake huongezeka kama mkono wa mpakuzi wa magunia. Lakini usidhani hiyo ni afya. Moyo mnene huwa mgumu, hujaa damu kwa shida, na huhitaji damu nyingi kuliko mishipa yake inavyoweza kuuletea.

Msuli mnene hutoa umeme mwingi, na mawimbi huwa marefu. Tangu mwaka wa 1949, madaktari wametumia kanuni ya Sokolow na Lyon: hupima kina cha wimbi linaloshuka katika waya wa kwanza wa kifuani, wakajumlisha na urefu wa wimbi linalopanda katika waya wa tano au wa sita. Jumla ikifika milimita 35, moyo unashukiwa.

Dalili mbaya zaidi ni pale mstari unaofuata pigo unapolegea chini na wimbi la mwisho kupinduka. Hapo msuli umeanza kulemewa. Kadhalika, mapigo yasiyo na mpango wowote huonya kuhusu kiharusi, na shimo refu mwanzoni mwa pigo laweza kuwa kovu la mshtuko wa moyo ambao mgonjwa hakuutambua.

Hata hivyo, ECG si hakimu. Mioyo mingi iliyonenepa huipita bila kuonekana. Kwa upande mwingine, vijana wembamba, na watu weusi kwa jumla, huwa na mawimbi marefu hata wakiwa wazima. Ndiyo maana daktari akitilia shaka huagiza moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti.

Katika sehemu za Kajiado ungali utasikia mtu akisema kwamba Mmaasai haugui moyo. Maneno hayo yana chanzo. Mnamo 1964, George Mann na wenzake kutoka Marekani walitangaza kuwa waliwapima wanaume Wamaasai wa Tanzania na kuona presha ya chini, na dalili chache mno katika ECG. Lakini hao walikuwa watu wa kutembea na mifugo kutwa. Mwaka wa 1990, utafiti mwingine uliofanywa hapa Kenya ulionyesha kwamba Waluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani walipanda presha katika miezi michache tu, huku chumvi na uzito vikiongezeka. Kabila halikuwa limebadilika. Maisha ndiyo yaliyobadilika. Na Illasit ya leo ina lami, bodaboda na chipsi.

Habari njema ni kwamba ukuta ulionenepa waweza kupungua. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uliotolewa 2002, wagonjwa wote zaidi ya 9,000 walikuwa na dalili hizo kwenye ECG. Wale ambao mawimbi yao yalishuka wakiwa kwenye matibabu walipatwa na kiharusi na vifo vya moyo kwa uchache zaidi.

Kwa hivyo mfanyabiashara wetu asiache vidonge kwa sababu tu anajihisi mzima. Na ile karatasi asiitupe wala asifungie nyanya. Aiweke mahali pakavu, maana wino wake hufifia, na aibebe kila anapokwenda kliniki ili daktari alinganishe ya jana na ya leo.