Tangyuan: Tujue kilichomo ndani kabla ya kumeza

Ndugu yetu mmoja, mfanyabiashara aendaye Guangzhou kufuata bidhaa, alitujia baada ya swala ya Isha akiwa na swali. Wenyeji wake wa Kichina walimkirimu bakuli la vidonge vyeupe vitamu. Aliambiwa ni mchele na ufuta, akala. Aliporejea, wasiwasi ukamwingia. Kwa kuwa swali lake ni la wengi, tumeona tulijibu hapa.

Chakula hicho huitwa tangyuan. Ni vidonge vya unga wa mchele wa kunata, vyenye ufuta mweusi uliosagwa kwa sukari, au karanga, au maharage mekundu yaliyopondwa. Huchemshwa na kuliwa pamoja na maji yake ya moto. Wachina huvila katika Sikukuu ya Taa, siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao ya jadi, na huko kusini pia mwishoni mwa Desemba, usiku unapokuwa mrefu kuliko wote. Asili yake hutajwa kuwa zama za utawala wa Song (960–1279). Jina lake linakaribiana kimatamshi na neno lao la kukutana kwa familia, na mviringo wake ni ishara ya ukamilifu.

Kusini, unga hukandwa na kufinyangwa kukizunguka kilichomo. Kaskazini huitwa yuanxiao: vipande vya utamu huloweshwa na kubingirishwa katika unga mkavu hadi vinenepe.

Hapa ndipo penye jambo. Katika mapishi ya asili, hasa yale mashuhuri ya mji wa Ningbo, ufuta na sukari huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili ute utiririke kidonge kinapong'atwa. Weusi wa ufuta huyaficha kabisa. Waislamu wa China, wakiwemo Wahui, hupika kwa mafuta ya halali, na maduka yao huandikwa neno qingzhen. Msafiri na alijue neno hilo.

Kuhusu afya, ufuta una madini ya chokaa na chuma. Lakini mchele wa kunata ni wanga mtupu ugeukao sukari mwilini kwa haraka, na ndani mna sukari nyingine. Mgonjwa wa kisukari ajihadhari. Watoto wadogo na wazee wakatiwe vipande vidogo, kwani vidonge hivi hunasa kooni.

Tulimjibu ndugu yetu kwamba aliyekula bila kujua hana lawama, ila aliyekwisha kujua ana wajibu wa kuuliza. Kuuliza kwa adabu hakumvunjii mwenyeji heshima. Na atakaye kuvionja kwa amani, avipike nyumbani kwake, atie siagi mahali pa mafuta yale.

Wallahu a'alam.