Hesabu Pumzi za Injini

Ukitaka kumjua shabiki halisi wa injini za mvuke za Uingereza, usimtazame anapopiga picha. Mtazame treni ikishapita kona. Wenzake wamerudi kwenye chai yao. Yeye bado amesimama kando ya reli, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Anahesabu.

Wengi hudhani ule mlio wa "chuku-chuku" ni wa magurudumu. Sivyo. Ni mvuke uliokwisha kufanya kazi. Ndani ya silinda mvuke huisukuma pistoni mbele, kisha nyuma. Kila msukumo ukiisha, mvuke uliochoka hufunguliwa njia na kutoka dohani kwa kishindo. Injini ya silinda mbili hutoa vishindo vinne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja. Ya silinda tatu hutoa sita. Mwenye sikio huitambua injini ni ya ukoo gani hata akiwa amefumba macho.

Na kishindo kile kina kazi ya pili. Mvuke ukipanda dohani kwa kasi huuvuta moshi wa tanuri uufuate, na hewa mpya hulazimika kuingia chini ya makaa. Treni ikikabili mlima, injini hutumia mvuke mwingi zaidi, hupumua kwa nguvu zaidi, na moto huwaka zaidi wakati ule ule unapohitajika. Mitambo niliyoisoma ni mingi, lakini huu ndio ujanja ninaouhusudu kuliko wote: kazi yenyewe ndiyo inayochochea moto.

Tarehe 3 Julai 1938, kwenye mteremko wa Stoke, injini iitwayo Mallard, iliyosanifiwa na Nigel Gresley, ilifikia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203. Hakuna injini ya mvuke iliyovunja rekodi hiyo. Magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha mita mbili na ushei, na silinda zake ni tatu. Piga hesabu: karibu mizunguko tisa kila sekunde, vishindo zaidi ya hamsini. Sikio haliwezi tena kuvitenganisha. Hubaki mngurumo mmoja mrefu. Beringi ya silinda ya katikati ilipata moto kupita kiasi, na injini ikabidi iachie mabehewa yake njiani, Peterborough. Watalii wanaokwenda kuiona kwenye jumba la makumbusho ya reli mjini York huuliza juu ya mwendo. Mafundi huuliza juu ya beringi.

Lakini kinachowafunga mashabiki hawa kwa miaka ni boila. La Mallard liliubana mvuke kwa pauni 250 kwa kila inchi ya mraba, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 200 za Selsiasi. Yakipungua hata paa la tanuri likabaki bila maji juu yake, shaba yake hulainika na kubonyea, na mvuke wote huo hupata njia ya kutokea pale pale walipo wafanyakazi. Kwa hiyo mchochea moto huwa na jicho moja kwenye makaa na jingine kwenye kioo kinachoonyesha kimo cha maji.

Ndiyo sababu, Uingereza, cheti cha boila kwa kawaida hudumu miaka kumi tu. Kikiisha, injini hufumuliwa. Flying Scotsman, iliyojengwa Doncaster mwaka 1923, iliingia karakana mwaka 2006 na kurudi relini 2016, kwa zaidi ya pauni milioni 4. Hapa neno "kuhifadhi" linapotosha. Injini hii haiwekwi kama sahani ya kale kabatini. Inatunzwa kama jahazi, ambalo hupandishwa pwani, likabadilishwa mbao zilizooza, likakalafatiwa, likarudi majini. Ukiuliza ni vipande vingapi vya 1923 vilivyobaki, utaanzisha ugomvi.

Shirika la reli la Uingereza lilikomesha mvuke kwenye njia zake kuu Agosti 1968, na maelfu ya injini zikauzwa kama chuma chakavu. Kilichookoa nyingi kati ya zilizopo leo ni biashara tu. Huko Barry, kusini mwa Wales, Dai Woodham alinunua injini pamoja na mabehewa ya mizigo. Mabehewa yalikuwa rahisi kukata, akaanza nayo; injini zikangoja, zikashika kutu kwa upepo wa bahari. Mashabiki wakaja na vibubu vyao. Injini 213 ziliondoka pale badala ya kukatwa.

Wengine hawakuwa na cha kuokoa. Injini 49 za aina ya A1 zilikatwa zote. Mwaka 1990 mashabiki walianza mpango wa kujenga ya hamsini, kwa michango ya kila mwezi, na mwaka 2008 injini hiyo, Tornado, ikatembea. Boila lake lilitoka Meiningen, Ujerumani. Taifa lililoiuzia dunia injini za mvuke likaenda kuagiza boila ugenini.

Tuliouziwa ni pamoja na sisi. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilituletea injini 34 za daraja la 59, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Gelai na Mount Shengena, milima yote miwili ya Tanzania, zimesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, na boila moja hulisha seti mbili za silinda na magurudumu, mbele na nyuma yake, zisizofungamana. Ilipovuta mzigo kutoka Mombasa kupanda bara, seti hizo zilipumua pamoja, zikapishana kidogo kidogo mpaka vishindo vikawa maradufu, kisha zikakutana tena.