Kutu Haingoji Siku ya Fundi

Askari hafundishwi kusafisha bunduki baada ya kutu kuingia. Hufundishwa kuisafisha kila siku, hata siku ambayo hakufyatua risasi moja. Lakini askari huyo huyo, akikabidhiwa funguo za gari, mara nyingi huliendesha mpaka lizime njiani, ndipo amtafute fundi. Leo twataka kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo hilo, na twaomba ruhusa tuanze na gari ambalo wengi hawakulitarajia katika ukurasa huu: gari kuukuu la mbio.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lililoanza kuundwa Japani mwaka 1969. Lina milango miwili ya kupandia, pua ndefu, kimo kifupi, na injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Mtu aliyeliona kwa mara ya kwanza angedhani liliundwa kwa ajili ya lami ya mjini tu. Lakini mwaka 1971 Edgar Herrmann, akisaidiwa na Hans Schüller, alishinda nalo Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews, akashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Tope lilikuwapo, vumbi lilikuwapo, na mawe yalikuwapo.

Yafaa ieleweke kwamba katika mashindano yale gari halikushinda kwa mwendo peke yake. Kila lilipofika penye mafundi wake lilikuta mikono inayolingoja: huyu alaza mgongo chini kukagua, yule akaza nati, mwingine asafisha kichujio cha hewa. Magari ya namna hiyo sasa yamepita umri wa miaka 50, na bado yapo yanayokwenda. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani yamekuwa yakirudi kushindana katika njia za Afrika Mashariki. Yameishi kwa sababu yalipata watu wenye desturi ya kuyatunza.

Sasa tulichukue gari hilo kwa mawazo, tuliweke katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tangu mdomo wa mto Ruvuma, kupitia Quionga na Palma, hadi Mocímboa da Praia. Tumeichagua pwani hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mahali panapokitesa chuma. Ya pili, ni mahali ambapo gari likizima huwa si usumbufu tu, bali hatari ya maisha.

Juu ya sababu hii ya pili hatuhitaji maneno mengi. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba, 2017, na tangu hapo askari wa Msumbiji, wa Rwanda, wa Tanzania na wa nchi nyingine wamezipita njia za mkoa huo. Tarehe 24 Machi, 2021 Palma nayo ikavamiwa. Siku mbili baadaye, msafara wa magari uliokuwa ukiwatoa watu waliojihifadhi katika hoteli ya Amarula ukashambuliwa njiani. Baadhi ya magari yalipenya na mengine hayakupenya. Hatusemi hata kidogo kwamba waliokufa siku ile waliponzwa na ubovu wa magari. Waliuawa na wavamizi. Twasema neno moja tu: katika siku kama ile hakuna anayepewa nafasi ya kusukuma gari ili liwake.

Turudi kwenye sababu ya kwanza. Adui mkubwa wa gari katika pwani ile ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huipeperusha kutoka baharini na kuilaza juu ya kila kitu. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu wenye chumvi huifanya kazi ya kutu iwe nyepesi na ya haraka. Ndiyo maana gari lililolala uwanjani, bila kutembea hata hatua moja, laweza kuharibika kuliko lile linalosafiri kila siku. Chumvi hailali.

Gari la 240Z halina chesisi ya kusimama peke yake kama malori yetu. Nguvu yake yote imo katika bodi. Basi kutu ikila sakafu, au mahali inapokaa betri, au nyuma ya magurudumu, hailiharibii gari sura tu, bali huvunja mifupa yake. Dereva mwenye busara hulala chini na tochi, hugonga kwa mpini wa bisibisi, na kusikiliza. Chuma kizima hulia, na kilichooza hujibu kwa sauti ya kopo. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibuliwe kwa waya, maana mlango unaohifadhi maji ya mvua huoza kutoka ndani. Mazulia ya sakafuni yainuliwe na kuanikwa. Gari lisifunikwe kwa turubai la plastiki lenye kubana, kwa kuwa turubai hilo hufungia jasho ndani. Banda la makuti lenye kupitisha hewa ni bora zaidi.

Kuosha gari ni dawa, lakini dawa nayo ina masharti. Visima vingine vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Kabla ya kumwaga ndoo, onjeni maji hayo kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, mnaoshea adui kwa adui. Maji ya mvua yaliyokingwa chini ya paa yafaa zaidi, na yaelekezwe kwanza chini ya gari, ndani ya matao ya magurudumu, kisha ndipo juu penye kung'aa. Wengi wetu hufanya kinyume, tukapendezesha paa na kuuacha uvungu.

Maji hayo hayo ya kisima yasitiwe katika radieta. Injini ya 240Z ina kichwa cha aluminiamu kilichokaa juu ya bloku ya chuma. Madini haya mawili, yakikutanishwa na maji ya chumvi, hulana polepole. Tumia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya radieta. Na wale waliozoea kuing'oa themostati ili injini ipoe, waache. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaa upesi.

Mafuta nayo yana hila zake. Mahali ambapo petroli hununuliwa kutoka katika pipa au chupa, maji na uchafu haviko mbali. Pipa liachwe litulie, mafuta yachujwe, na kile kilichobaki chini kisitiwe katika tangi. Tangi lijazwe jioni badala ya asubuhi, kwa sababu nafasi tupu ndani ya tangi huleta umande wakati wa usiku. Gari letu hili lina kabureta mbili, na juu ya kila moja kuna kifuniko kidogo chenye kijiti. Humo hukaa oili nyepesi. Ikikauka, gari husita pale dereva akanyagapo mafuta, na fundi asiyejua ataanza kubadilisha plagi zisizo na kosa. Platini zikaguliwe, mwanya wake uwe takriban nusu milimita. Injini ikiwa moto, mwanya wa valvu za kuingizia uwe milimita 0.25 na wa kutolea moshi milimita 0.30. Kazi hizi zote hufanywa kwa spana chache na kipimo cha majani ya chuma.

Katika umeme, hitilafu nyingi za pwani si za betri bali ni za viungo vyake. Ukungu wa kijani ukiota penye waya, taa hufifia na stata hugoma. Fungua kiungo, kisugue kwa msasa, kifunge barabara, kisha upake grisi. Waya unaoiunganisha betri na bodi ndio usahauliwao kuliko zote, na ndio ulaumiwao kwa nadra kuliko zote.

Breki twaziweka mwisho ili zikae akilini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishaunyonya, huchemka kwa joto dogo, na dereva hukanyaga pedali ikazama bila kushika. Katika hewa nzito ya pwani ni vema mafuta hayo yabadilishwe kila mwaka. Ngoma za nyuma nazo zifunguliwe mara kwa mara kutolewa mchanga.

Ndugu askari, mtauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi tunaoendesha Land Cruiser ya doria au pikipiki ya kituo? Yanawahusu sana. Gari la mbio ni gari kama mengine, isipokuwa lina subira ndogo. Husema upesi kile ambacho gari la kazi huficha mpaka siku ya haja. Chumvi haitambui cheo cha gari wala haisomi namba zake. Anayeweza kulihifadhi 240Z la miaka 50 kando ya bahari, hawezi kushindwa na gari la kikosi.

Basi twapendekeza dakika 10 kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Tazama ardhi chini ya gari kama kuna tone. Chomoa kijiti cha oili. Tazama maji, mafuta ya breki, mkanda wa feni, magurudumu na la akiba. Washa taa, na mwenzako asimame nyuma akuambie kama za breki zinawaka. Kisha andika katika daftari.

Daftari hilo ndilo kiini cha mambo. Gari la kikosi hupita mikono mingi, na kila mkono waweza kumwachia mwingine lawama. Dereva anayerudisha funguo jioni akijua pedali ya breki inazama, akanyamaza ili asiulizwe maswali, amemtegea mwenzake wa zamu ya usiku mtego usio na kelele. Na mkubwa wa kazi anayemkaripia dereva aliyesema kweli huwafundisha wote kuficha. Kasoro iliyoandikwa ni nusu ya kasoro iliyotengenezwa. Iliyofichwa hungoja gizani, katikati ya njia ya mchanga, raia wamepakiwa nyuma na watoto wao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pwani ile ufa huanza na doa jekundu dogo kuliko kidole gumba, chini ya zulia, mahali pasipoonekana na yeyote ila yule aliyejizoeza kupatazama. Tujizoeze.